Joto la Kutupa: Somo la Jeddah na Riyadh kwa Miji Yetu



Wageni wanaotoka nyumbani kuja Umra wakishatulia na kahawa, suali hili halikosi: "Profesa, wenzetu wanageuza taka kuwa umeme. Sisi kwa nini majaa yetu yanatuletea nzi na kipindupindu tu?" Na siku hizi suali linakuja na makabrasha. Mezani kwangu yamepita mawili matatu ya kampuni zinazotaka kuuza matanuri ya kuchomea taka kwenye miji ya Afrika Mashariki, na picha nzuri za bomba la moshi lisilotoa moshi. Sina haja ya kutaja majina. Hoja yangu ni ya jumla, na naomba mnivumilie niieleze pole pole, kwa sababu wenye kutia saini mikataba hii ni watu wetu na wenye kulipa ni wazee wetu.

Hoja yenyewe kwa ufupi: taka haziwi nishati kwa sababu umenunua mtambo. Zinakuwa nishati zikipata jirani anayezihitaji, wakati ule ule, kwa kiasi kile kile. Huku Saudia nimekaa miaka mingi baina ya Jeddah na Riyadh, nimeona jambo hili likifanikiwa na nimeona likishindwa. Yote mawili yana faida kwetu.

ILMU YENYEWE NI NINI

Kuna taaluma inaitwa ikolojia ya viwanda. Jina kubwa, lakini bibi zetu wanaijua. Tizama nazi. Tui linapikiwa, machicha anapewa kuku, kifuu kinatiwa mpini kinakuwa upawa au kinatiwa motoni, makumbi yanafukiwa pwani yakatoka usumba wa kamba. Kila kinachobaki kwa mmoja ni mali ghafi ya mwengine. Wataalamu wanachosema ni kuwa viwanda navyo vingepangwa hivyo hivyo. Wazo hili lilipata umaarufu mwaka 1989, pale Robert Frosch na Nicholas Gallopoulos, watu wa utafiti wa General Motors, walipoandika makala katika jarida la Scientific American.

Mfano unaotajwa skuli zote ni mji mdogo wa Kalundborg, Denmark. Pale kituo cha umeme cha Asnæs kilikuwa kikitoa mvuke kwa kiwanda cha kusafisha mafuta na kwa kiwanda cha dawa kinachotengeneza insulini, maji moto kwa nyumba za mji, na jasi iliyonaswa kwenye moshi wake ikipelekwa kiwanda cha mbao za ukuta. Mambo haya yalianza kidogo kidogo tangu miaka ya 1960 na 1970. Hakuna waziri aliyeamrisha. Kila mkataba ulifungwa na majirani wawili kwa sababu kila mmoja aliona faida yake.

Shikeni hilo neno, majirani, maana ndipo fizikia inapoingia.

JOTO HALISAFIRI

Kituo cha umeme cha mvuke cha kawaida, ukikipa sehemu 100 za nishati ya mafuta, kinakurejeshea umeme kama sehemu 35 mpaka 40. Zilizobaki zinakwenda baharini na angani. Mtu akisikia hivi anasema, "Hasara ilioje! Tuzichukue hizo 60 tuzitumie." Ngoja kwanza. Joto lina daraja. Mvuke wa digrii 500 unaweza kusukuma mashine kubwa. Maji ya digrii 40 yanayorudi baharini yana nishati nyingi mno kwa jumla, lakini hata yai hayachemshi. Nishati ipo, nguvu ya kufanya kazi imekwisha.

Kwa hiyo joto linatakiwa litumike kwa ngazi, kama maji ya mfereji yanayopita konde la juu kwanza kisha la chini. La juu kabisa lifanye umeme. Linalofuata lichemshe, lipike, lisafishe. La mwisho likaushe au lipashe. Anayechoma mafuta mazuri ili kupata maji ya kuogea amelitumia la juu kwa kazi ya chini.

La pili: umeme unasafiri kilomita elfu kwa waya. Mafuta yanavuka bahari. Lakini mvuke ukiupitisha kwenye bomba, baada ya kilomita chache umeshapoa na pesa zimekwisha. Kwa hiyo joto la kutupa ni mali ya mtaa. Likikosa mnunuzi jirani, halina mnunuzi kabisa.

JEDDAH: TOKA KINDASA MPAKA SHOAIBA

Wenyeji wa Jeddah wazee wanalijua neno "kindasa". Ni mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, uliowekwa mwanzoni mwa karne ya 20 wakati wa utawala wa Waturuki, kwa sababu mji huu wa mahujaji haukuwa na maji matamu ya kutosha. Jina limetokana na neno la Kizungu la chombo cha kutonesha mvuke. Mwaka 1928 Mfalme Abdulaziz akaagiza mitambo miwili mipya. Kindasa lilikuwa birika kubwa tu: unachoma makaa, unachemsha bahari, unakusanya matone. Makaa yote yalikwenda kwenye maji, hakuna kingine kilichopatikana.

Sasa linganisheni na Shoaiba, kusini ya Jeddah kwenye pwani hii hii ya Bahari ya Sham. Pale mafuta yanachemsha mvuke wa joto la juu, mvuke unazungusha mashine za umeme, na ukishachoka, unapokuwa hauna tena nguvu ya maana, unaingizwa kwenye mitambo ya maji. Maji ya bahari yanapashwa mpaka kama digrii 100 au zaidi kidogo, kisha yanapita chumba baada ya chumba, kila chumba kina shindikizo dogo kuliko cha kabla yake, na katika kila chumba sehemu ya maji inachemka wenyewe bila ya moto mpya. Mvuke unapogeuka maji matamu unatoa joto lake, na joto hilo linapasha maji mapya yanayoingia. Yaani ndani ya mtambo wenyewe hakuna chumba kinachotupa kitu ambacho chumba kingine kinaweza kukitumia. Mradi wa tatu wa Shoaiba, uliojengwa na mtaji wa binafsi katikati ya miaka ya 2000, ulipangwa kutoa megawati 900 za umeme na meta za ujazo 880,000 za maji kwa siku, kwa Jeddah, Makka na Taif. Ndugu yangu, ukichukua udhu Msikiti wa Haram katika miaka ile, uwezekano mkubwa maji yale yalipikwa kwa joto la kutupa.

Si haba. Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu inayofuata wauza mitambo hawaisimulii.

Ndoa ya umeme na maji ina kasoro ya msimu. Wakati wa joto huku viyoyozi havizimwi usiku wala mchana, umeme unahitajika mno, mvuke unapatikana tele, maji yanapatikana. Inapofika Januari viyoyozi vinazimwa na haja ya umeme inaporomoka. Lakini watu wanaendelea kunywa, kuoga na kutawadha kama kawaida. Mtambo unabaki unachoma mafuta si kwa sababu mtu anataka umeme, bali kwa sababu maji yamefungwa kwenye mkia wake. Joto lililokuwa la kutupa linageuka kuwa joto la kununua.

Wakati huo huo ikakua njia nyengine, ya kuyasukuma maji ya bahari kwa pampu yakapita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi. Njia hii inatumia kama kilowati-saa 3 mpaka 4 kwa meta moja ya ujazo. Ile ya mvuke, ukihesabu umeme uliopotea kwa kuutoa mvuke mapema pamoja na pampu zake, inapita 10. Kwa hiyo miaka ya karibuni Saudia inahama. Mitambo mipya ya Shoaiba ni ya utando, na ile ya mvuke inapewa mkono wa buriani.

Funzo: mapatano ya joto ni ya miaka 25, na katika miaka 25 mwenzako anaweza kubadilika. Usijifunge kwa minyororo mahali ambapo kamba ingetosha.

YANBU NA JUBAIL: UJIRANI WA KUPANGWA

Kalundborg ujirani ulitokea wenyewe. Huku ulipangwa. Kwa miongo kadhaa gesi iliyokuwa ikitoka pamoja na mafuta kwenye visima vya mashariki ilichomwa hewani tu, kwa sababu haikuwa na mnunuzi karibu. Ilikuwa taka kwa maana kamili ya neno. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliamua mambo matatu kwa pamoja: kujenga mfumo mkuu wa kuikusanya gesi ile, kuunda Tume ya Kifalme ya Jubail na Yanbu mwaka 1975, na kuanzisha kampuni ya SABIC mwaka 1976 ili pawepo na mtu wa kuitumia. Bomba, kiwanja na mteja vilizaliwa mwaka mmoja au miwili tu mbali mbali. Mfuko wa urea unaouzwa kwa mkulima wa Mbeya au Eldoret, kama umetoka Ghuba, ni mtoto wa gesi kama ile.

Miji ile miwili ilichorwa ikiwa na njia za mabomba baina ya viwanda kabla ya viwanda wenyewe kufika. Ndiyo maana mwaka 2015 kampuni moja ya SABIC pale Jubail iliweza kuanza kunasa hewa ukaa, uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka, na kuipeleka kwa majirani wanaotengeneza methanoli na urea, na nyengine ikasafishwa kwa ajili ya vinywaji. Angelikuwa jirani yuko kilomita 80, hewa ile ingelikwenda juu.

RIYADH NA MAJI YALIYOKWISHA LIPIWA

Riyadh iko bara, kiasi cha meta 600 juu ya usawa wa bahari. Maji yake mengi yanatoka Ghuba, yanasafishwa chumvi, kisha yanapandishwa kwa mabomba zaidi ya kilomita 400. Tufanye hesabu ndogo. Kuinua meta moja ya ujazo, ambayo ni kilo 1,000, kwa meta 600 kunahitaji kilowati-saa 1.6 hata kama pampu ingekuwa haina kasoro. Tia hasara za pampu na msuguano wa bomba, umepita 2. Ongeza ile nishati ya kutoa chumvi. Kila ndoo ya maji pale imebeba umeme ndani yake.

Sasa ndoo ile ikishatumika na kumwagwa, umemwaga nishati pia. Wahandisi wa Riyadh waliliona hili mapema. Tangu miaka ya 1980 kiwanda cha kusafishia mafuta cha Riyadh kimetumia maji taka ya mji yaliyosafishwa, badala ya kuchota maji mapya. Maji mengine yanakwenda Wadi Hanifa, bonde lililokuwa limegeuka jaa, likatengenezwa kwa mawe, mimea na vidimbwi mpaka maji yanajisafisha yakienda. Kazi ile ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2010. Pampu kidogo, kemikali kidogo, watu Ijumaa wanakwenda kupunga upepo na kuchoma nyama.

Jeddah miaka ile ile ilikuwa na upande wa pili wa shilingi. Sehemu kubwa ya mji haikuwa na mifereji ya maji taka. Makaro yalikuwa yakinyonywa na magari ya tangi, wenyewe wanayaita "wayti", na kumwagwa nje ya mji upande wa mashariki. Likazaliwa ziwa zima, na watu kwa kejeli wakaliita Ziwa la Miski. Tarehe 25 Novemba 2009 ikanyesha mvua kubwa, mafuriko yakaua watu zaidi ya 120, na kwa siku kadhaa mji mzima ulikuwa roho juu kwamba boma la ziwa lile litapasuka. Halikupasuka, alhamdulillah, na mwaka 2010 likakaushwa. Nawaambieni hili ili tusidhani kuwa pesa ndiyo jawabu. Mji wenye mafuta ulimwaga maji yaliyosafishwa kwa gharama kubwa, kwa sababu bomba la kumpelekea jirani halikujengwa.

Na taka ngumu? Kwa miaka mingi Riyadh na Jeddah zimekuwa zikizika taka zao jangwani, kama tunavyofanya sisi. Kampuni ya serikali ya kurejeleza taka iliundwa mwaka 2017 na kituo cha taifa cha usimamizi wa taka mwaka 2019 tu. Kwa hiyo anayekwambia "tazama Saudia wanavyochoma taka wapate umeme" hajafika Saudia.

TULICHONACHO SISI

Wengi hatujui kuwa kwetu ilmu hii ipo siku nyingi, tena mahala ambapo inafaa khasa.

Miwa. Tani moja ya miwa inaacha kama robo tani au zaidi kidogo ya makapi. Makapi yana maji nusu kwa nusu, lakini yanawaka. Na jirani yuko ndani ya uzio ule ule: kiwanda cha sukari kinahitaji mvuke wa kuchemshia juisi, na kinahitaji umeme. Mvuke unafanya umeme kwanza, kisha unachemsha. Ni Shoaiba ndogo, ila mafuta yake ni taka. TPC kule Arusha Chini, Moshi, inafanya hivyo. Kakira, karibu na Jinja, Uganda, ilifikisha mtambo wa zaidi ya megawati 50 na kuuza ziada kwenye gridi. Mauritius ndio walimu wa wote.

Miti. Tangu mwaka 1995 kampuni ya miwati ya Njombe imekuwa na mtambo wa megawati 2.5 unaochoma mabaki ya miti baada ya gome kutolewa tanini.

Mkonge. Jani la mkonge likipita kwenye korona linatoa nyuzi kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Zilizobaki ni maji na majimaji ya kijani yanayonuka, yaliyokuwa yakimwagwa mtoni miaka nenda miaka rudi. Pale Hale, Tanga, Katani Limited baina ya 2007 na 2008 ilianzisha mtambo wa kuyavundisha majimaji yale ndani ya matangi, ikapatikana gesi ya kuzalisha kilowati 150 za awali, za kuendeshea shughuli za shamba, na kinachobaki kinarudi shambani kuwa mbolea. Tazameni uzuri wake: taka ina maji mengi, basi hawakuichoma, waliivundisha. Wamefuata tabia ya taka.

Maganda. Kiwanda cha saruji cha Hima, Kasese, kimewahi kuchoma maganda ya kahawa na ya mpunga badala ya sehemu ya mafuta mazito. Tanuri la saruji lina moto mkali mno na halibagui.

Na Pemba, makonyo ya karafuu, ambayo mkulima angeyatupa, yanakamuliwa mafuta. Hili tunalijua toka utotoni, hatukujua tu kuwa lina jina la chuo kikuu.

Lakini na sisi tuna kisa chetu cha ndoa iliyovunjika. Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi ya Kenya, mwaka 2009 kilizindua mtambo wa makapi wa megawati zaidi ya 30, na 26 kati ya hizo zilikuwa za gridi. Fundi hakukosea. Kilichokuja kuanguka ni kiwanda chenyewe: madeni, miwa michache, wakulima hawakulipwa. Ilipofika 2018 kusaga kulikuwa kumesimama. Hakuna miwa hakuna makapi, hakuna makapi hakuna umeme. Aliyekuwa akihesabu megawati zile kwenye mpango wa nchi alihesabu afya ya kampuni moja bila ya kujua.

SASA TURUDI KWENYE TANURI LA TAKA ZA MJI

Hapa naomba tukae na kalamu. Benki ya Dunia katika mwongozo wake wa 1999 ilisema taka za kuchomwa ziwe na wastani wa angalau megajuli 7 kwa kilo. Chini ya hapo moto haujitoshelezi, lazima uongeze mafuta.

Chukua kilo moja ya taka kavu kiasi, maji asilimia 30, kama mji wenye makaratasi na plastiki nyingi. Sehemu kavu ni kilo 0.7. Tuseme kila kilo kavu ina megajuli 16. Unapata 11.2. Toa nishati ya kukausha maji yaliyomo, kama 0.7. Umebaki na 10.5. Hii inawaka vizuri.

Sasa chukua kilo ya taka zetu: maganda ya ndizi, makuti, mabaki ya ugali, matope ya masika. Maji asilimia 60. Sehemu kavu kilo 0.4, megajuli 6.4. Toa kama 1.5 za kukausha. Umebaki na 4.9. Moto hausimami. Utanunua dizeli kuchoma maganda ya ndizi!

Na kuna jambo jengine. Kabla taka hazijafika jaani, waokota chupa, makopo na maboksi wameshapita. Hao ni watu maskini wanaofanya kazi ya maana kuliko sote, na wanachokiondoa ndicho hasa kinachowaka. Basi tanuri likija, ama litapata taka mbichi, ama mkataba utawapokonya watu hawa riziki yao ili tanuri lipate chakula. Hili halimo kwenye makabrasha niliyoyaona.

Mtasema, mbona Addis Ababa wamejenga? Kweli. Mtambo wa Reppie ulizinduliwa Agosti 2018, kwa tani 1,400 za taka kwa siku na umeme wa megawati 25. Siudharau hata kidogo, maana jaa la pale, Koshe, liliporomoka Machi 2017 likaua watu zaidi ya 110. Mji ulikuwa na sababu nzito ya kuchukua hatua. Lakini tuihesabu kwa haki. Hata ukienda kwa uwezo wake wote, ni kama kilowati-saa 430 kwa tani, na ule mvuke uliochoka hauna mteja, kwa sababu Addis haina mabomba ya joto ya kupasha nyumba kama Kalundborg. Ulaya tanuri linauza bidhaa mbili, umeme na joto, na juu yake mji unalilipa ada kubwa kwa kila tani. Sisi tungeuza moja tu, tena kwenye gridi yenye umeme wa maji ulio rahisi zaidi. Ni mradi wa usafi wa mji. Kama mji unautaka kwa usafi, sawa, ulipiwe kwa jina hilo. Usiandikwe kwenye vitabu kuwa ni kituo cha umeme kitakachojilipa.

MASUALI MATANO KABLA YA KALAMU

Kwa ndugu zetu walioko mabaraza ya miji na wizarani, nashauri masuali haya, kwa mradi wowote wa nishati ya taka:

1. Taka hizi zina maji kiasi gani, zimepimwa masika na kiangazi, na nani kazipima? Vipimo vya muuzaji pekee havitoshi. Zenye maji zivundishwe au ziwe mbolea, kavu ndizo za moto.

2. Joto litakalobaki atalitumia nani, na yuko umbali gani kwa kilomita? Kama jawabu ni "tutatafuta baadaye", hapana mteja.

3. Msimu wa taka na msimu wa haja vinakutana? Mauritius wanachoma makapi wakati wa mavuno, na nje ya msimu mitambo mingi imekuwa ikichoma makaa ya mawe. Jeddah ilikuwa na tatizo la Januari. Kila mahali pana Januari yake.

4. Mwenye taka akifilisika, au akajifunza kuzipunguza, nani atalipa? Jihadharini na kifungu kinachoulazimisha mji kupeleka tani kadhaa kila siku au kulipa faini. Kifungu hicho kinaufanya mji uadhibiwe kwa kuwa msafi.

5. Nani anaishi kwa taka hizi leo?

Mradi ukijibu masuali haya kwa nambari na si kwa picha, mimi wa kwanza kuupigia debe.

LA KUFANYA

Msinielewe vibaya kuwa nasema tukae kitako. Zanzibar tuliishi miezi mitatu gizani, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa sababu ya waya mmoja chini ya bahari. Kila mwenye uwezo alinunua jenereta. Jenereta ya dizeli inageuza kama theluthi ya mafuta kuwa umeme, na theluthi mbili zinatoka kwenye ekzozi na rejeta. Sasa fikirieni hoteli: nyuma jenereta inatupa joto la digrii mia kadhaa angani, mbele maji ya wageni na ya dobi yanapashwa kwa umeme wa jenereta hiyo hiyo. Vifaa vya kuyakutanisha mawili haya ni vya kawaida na mafundi wetu wanaweza kuvifunga. Hospitali ni hivyo hivyo. Hakuna mkataba wa miaka 25, hakuna mgeni wa kuja na makabrasha.

Na kwa makubwa zaidi, wakati mzuri ni kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kila nchi ya kwetu sasa inachora maeneo ya viwanda. Mchoraji akiweka kiwanda cha samaki huku, cha barafu kule, na machinjio upande wa tatu wa mji, ameshaamua kwamba joto la mmoja halitamfikia mwengine kwa miaka 50. Akiwaweka pamoja na akaacha njia ya bomba baina yao, hata kama bomba halijanunuliwa, amefanya walichofanya Jubail mwaka 1975, na haikumgharimu zaidi ya penseli na mkutano. Wa kwetu wanaosomea mipango miji na uhandisi wakae meza moja tangu chuoni, maana sasa hivi wanakutana mradi umeshakwisha.

Bibi hakuitupa nazi kwa sababu kuku, jiko na msukaji kamba wote walikuwa ua mmoja. Wenye swali au wenye vipimo vya taka za miji yao walete tuvifanyie hesabu pamoja.